Pacha Wangu Alifika Kabla Yangu

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipokwama. Wewe uliyeliokota gazeti hili kwenye kiti cha kinyozi, kaa, nitakupitisha haraka.

Mimi ni mnusaji wa maziwa. Msinicheke. Kiwandani kwetu debe likifika getini mimi ndiye nafungua mfuniko, nainamisha pua, nasema "pita" au "rudi". Miaka tisa sasa. Pua hii imelisha nyumba, na pua hii hii imenifanya mtu wa kinyaa. Sili kwenye sherehe za watu. Sikai karibu na mtu anayepiga miayo.

Nikapata likizo ya siku saba. Nikataka kusafiri peke yangu, begi mgongoni, mahali penye hewa isiyonuka kitu. Siku mbili kabla ya kuondoka nikagundua pasi yangu ya kusafiria imekwisha muda. Ndipo pacha wangu, aliyenitangulia duniani kwa dakika kumi na hajaacha kunikumbusha, akanitolea ya kwake.

"Chukua, mdogo wangu. Sura moja, nani atajua?"

Akanipa na begi lake. Akanichagulia na mji wenyewe: mji mdogo mlimani, ng'ambo ya mpaka, eti hewa ya huko ukiivuta unasahau kama una kazi.

"Ila kitu kimoja," akasema. "Usicheke."

Maana ndiyo tofauti yetu pekee. Mimi nina pengo la jino la mbele, nililivunja kwenye ngazi ya jikoni nikiwa na miaka kumi na mmoja. Pacha ana meno yote. Mpaka leo mama akituona kwa mbali hupaza sauti, "Hebu cheka!" Hapo ndipo anapojua amwite nani.

Wiki iliyopita niliwaacha mbele ya dirisha la uhamiaji. Afisa ameshika pasi ya Pacha, ananitazama, anaitazama picha, ananitazama tena. Kisha akasema maneno ya mama yangu.

"Mbona umenuna hivyo na unakwenda kutembea? Hebu cheka kidogo."

"Nimefiwa, afande," nikasema kwa midomo iliyobanwa.

"Oh, pole. Umefiwa na nani?"

Mwongo hapewi muda wa kuchagua. "Na pacha wangu."

Akaweka kalamu chini. Akanipa pole ya pili, ndefu kuliko ya kwanza. Akalamba kidole gumba, akafungua ukurasa kwa mate hayo hayo, akagonga muhuri.

Ndivyo nilivyovuka mpaka. Nimemuua ndugu yangu kwa mdomo, na pasi yake imelowa mate ya mtu nisiyemjua. Niliifuta kwa shati mara tatu, kisha shati lenyewe likaanza kunitia kinyaa.

Kutoka mpakani hadi mjini ni mwendo wa saa tatu, wote wa kupanda. Nililikataa basi kwa sababu ya makwapa ya watu. Nilitaka iwe kama kwenye picha za wasafiri: mtu, begi, mlima. Lakini picha hazinuki, na begi la Pacha lilinuka. Kila nikitoka jasho, mgongo wa begi ulitoa harufu ya karafuu, na chini ya karafuu kulikuwa na kitu kingine, kitamu, kinachooza. Niliwahi kuinusa harufu ile. Sikutaka kukumbuka wapi.

Mji wenyewe ulikuwa barabara moja, maduka yenye milango ya mbao, kituo cha polisi chenye ua wa mawe, na ukungu ulioshuka mpaka kwenye mabati. Mtaa wa pili nikaona kibao cha nyumba ya wageni. Nikaingia.

Mapokezini alikaa mwanamke mnene wa makamo, rundo la funguo limening'inia kiunoni. Mimi nilimpa jina la Mama Funguo, na mpaka leo simwiti vingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahab..." Neno likakatikia njiani. Funguo zikaacha kulia. "Dokta?"

Niligeuka nyuma kumtafuta daktari. Nyuma yangu kulikuwa na mbuzi.

"Dokta! Umerudi! Nilisema mimi, nilisema atarudi, wakaniona mjinga!" Akazunguka meza, akanikumbatia. Alikuwa ametafuna kitunguu. Akanipokonya pasi, akaifungua, akasoma jina kwa sauti. "Jina lenyewe, sura yenyewe, hata begi ni lile lile. Karibu nyumbani!"

Akaitupa pasi kwenye droo, akaifunga, ufunguo ukarudi kiunoni pamoja na wenzake.

Hapo nikauona mtego ulivyo. Nikisema mimi siye, itabidi nieleze ile pasi ni ya nani, na kituo cha polisi nimekipita sasa hivi. Nikisema ndiye, basi mimi ni daktari. Mtu mwenye akili angesema kweli pale pale, aibu ikiwa bado changa. Mimi nilitabasamu kwa midomo iliyofungwa.

Na Pacha si daktari wa kitu chochote. Ameuza viatu, ameuza bima, ameuza kiwanja cha jirani yetu, jirani akiwa safarini. Lakini udaktari ndio nilikuwa nausikia kwa mara ya kwanza.

"Chumba chako kile kile," akasema Mama Funguo akinitangulia. "Sikumruhusu mtu akilalie."

Nilimwamini. Hata kuyafua mashuka hakumruhusu mtu. Foronya ilikuwa na duara la mafuta ya kichwa, kichwa cha ukubwa wangu kabisa. Kwenye kipande cha sabuni ulikuwa umegandia unywele uliojikunja. Beseni la kunawia lilikuwa na mstari wa uchafu uliozunguka pande zote, na nikajua uchafu ule ni wa damu yangu, wa tumbo moja na mimi, na kinyaa hakikupungua hata chembe.

"Na amana yako hii hapa." Akashusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati. "Fungua uhakikishe hakuna kilichopungua."

Nikafungua. Laiti ningekuwa na mafua.

Ndani mlikuwa na vipande kumi na kimoja vya nta ya mishumaa, na kila kipande kilikuwa na alama za meno ya mtu aliyekiuma. Kila kimoja kilibandikwa karatasi yenye tarehe na jina: Fundi Saa. Mama Duka. Mlinzi wa Tangi. Mwalimu. Kwenye nta ya Fundi Saa ulikuwa umebaki uzi wa nyama. Mwaka mmoja na nusu, midomo kumi na mmoja imefungiwa kwenye kopo moja.

Nilitapika kwenye beseni.

"Safari imekuchosha," akasema Mama Funguo akinipigapiga mgongoni. "Wewe pumzika. Nitawaambia watu umefika. Wameyangoja meno yao mpaka wengine wamesahau kutafuna."

"Meno yao?"

"Yale uliyokwenda kuwatengenezea, Dokta! Uling'oa mabovu, ukachukua vipimo kwa nta, ukasema utarudi na mapya. Usiniambie hukuja nayo."

"Yako njiani," nikasema.

Safu hii ni ya kuungama, basi naungama: hilo halikunitoka kwa bahati mbaya. Nilitaka aondoke, nipange namna ya kuiba funguo.

Sikupata nafasi. Asubuhi nilipofungua mlango nilikuta midomo.

Nasema midomo, maana ndivyo nilivyowaona. Watu sita au saba kwenye korido nyembamba, kila mmoja ameinua kichwa, ameachama. Wa kwanza alikuwa Fundi Saa mwenyewe, mzee mkavu mwenye macho madogo.

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo haing'oi jino," akasema. Akaingiza kidole kinywani, akavuta shavu pembeni. "Ulisema bovu ni hili. Ukang'oa jirani yake. Hili bado lipo. Sogea ulinuse."

"Sina haja ya kusogea, mzee." Na hiyo ilikuwa kweli tupu.

Nyuma yake Mama Duka, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia wateja barabarani. "Mimi nilikuwa navunja mifupa kwa meno haya! Leo nalowesha mkate kwenye chai kama mtoto." Akaingiza mkono kifuani, akatoa leso yenye fundo, akalifungua kwa meno yaliyobaki. "Nilisikia yanaweza kurudishwa. Hili hapa. Nimelitunza."

Akaniwekea gego mkononi. Lilikuwa na joto la kifua chake.

Jamani. Mimi ni mtu ninayeshika vitasa vya milango kwa kiwiko.

"Dokta, watu wote hawa watasubiri," akasema Mama Funguo akipasua katikati ya watu. "Mtazame kwanza mdogo wangu."

Alikuwa anamwongoza kwa mkono mwanamke mwembamba aliyejifunga mtandio kuanzia shingoni hadi puani. Huyu alikuwa Mwalimu, anafundisha darasa la kwanza. Nilimnusa akiwa bado hatua tano.

Kiwandani tunajua harufu tatu mbaya. Ya kwanza ni ya maziwa yaliyochacha: unarudisha debe, mtu anakutukana, mambo yameisha. Ya pili ni ya chombo kichafu. Ya tatu ni ya usaha. Ukiinusa ile ya tatu hutupi maziwa tu. Unauliza ng'ombe yuko wapi, na unauliza mbio, kwa sababu aliyeyatoa yale maziwa anakufa.

Mwalimu aliteremsha mtandio. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba mpaka ngozi inang'aa, na uvimbe ulishashuka chini ya taya kuelekea kooni. Akafungua kinywa. Upana wa vidole viwili tu, zaidi ya hapo taya ilikataa.

Ilikuwa ile ya tatu.

"Tangu lini?" nikauliza. Nilirudi nyuma hatua moja, naona haya kuisema, lakini nilirudi.

"Jumapili," akajibu Mama Funguo badala yake. "Analala na sweta mbili na bado anatetemeka. Leo hata mate hayamezi."

"Hospitali wamesema nini?"

Mwalimu akatikisa kichwa. Maneno yalimtoka kwa shida, moja moja. "Nipofuke? Si ulisema mwenyewe."

"Nilisema nini?"

"Dokta, umesahau?" Mama Funguo akanishangaa. "Jino lilipokukatikia ndani, ulisema mzizi wake umeshikana na mshipa wa jicho. Mtu mwingine yeyote akiugusa, jicho linazima. Ukamwambia akungoje wewe. Kaka yetu amembembeleza mara tatu aende hospitali, mara tatu amekataa. Anakungoja."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na hasira. Alinitazama kwa lile jicho moja lililokuwa bado linafunguka, akanitazama kwa imani, na hapo ndipo nilipojua kwamba kinyaa chote nilichowahi kuwa nacho maishani kilikuwa cha kitoto. Unywele kwenye sabuni si kitu. Mate ya afisa si kitu. Ndugu yangu alikata jino la mtu, na ili asionekane ameharibu, akampa uongo wa kumfunga mdomo. Na mtu yule akautunza uongo huo kinywani mwaka mmoja na nusu.

Sasa naandika jambo ambalo hata mama sijamwambia.

Mwaka juzi Pacha alipotea miezi miwili. Aliporudi alimletea mama kitanda, mimi akaniletea viatu vya kupandia milima. Alikuwa anacheka, anasimulia habari za biashara. Mikono yake ilinuka karafuu, na chini ya karafuu, damu iliyolala. Niliinusa. Mimi ninayelipwa kunusa niliinusa, nikajua kabisa debe hili si la kupita.

Nikasema "pita". Viatu vilikuwa vizuri. Ndivyo nilivyokuwa nimevaa asubuhi ile nikiwa nimesimama mbele ya Mwalimu.

Mwisho wa korido alikuwa amesimama mwanamume wa miraba minne, sare za polisi, kofia kwapani. Mama Funguo alimwona akasema, "Kaka, njoo, Dokta ameshafika," na yule bwana akabaki pale pale. Alikuwa Sajenti wa kituo nilichokipita. Kama ni kukimbia, ndio ulikuwa wakati wake. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na mimi nilikuwa nimesimama uchi tangu jana.

"Jamani, nisikilizeni," nikasema. "Mimi siye. Aliyekuja hapa ni pacha wangu. Pasi ni yake, begi ni lake, jina ni lake. Tazameni hapa."

Nikacheka. Kwa mara ya kwanza tangu nivuke mpaka nilicheka kwa mdomo wote, pengo langu likaonekana mpaka mwisho wa korido.

Fundi Saa akasogea, akafumba jicho moja, akachungulia pengo kama anayetafuta skrubu iliyodondoka ndani ya saa.

"Ni kweli," akasema. "Yule alikuwa nayo yote."

Nikafumba macho ningoje kupigwa.

Mama Funguo akapiga vigelegele.

"Ndiye! Jamani, ndiye mwenyewe!" Akaruka, funguo zikaruka naye. "Si alituambia siku ile anaondoka? Alisema, mimi ni msaidizi tu, bingwa ni pacha wangu, mwenye pengo hapa mbele. Siku moja atakuja kuwamalizia kazi. Mtamjua kwa pengo!"

"Alisema," akakubali Fundi Saa.

"Mama, mimi si daktari. Mimi nanusa maziwa kiwandani."

"Na hilo pia alisema! Alisema utakataa, utajifanya mtu wa kazi ndogo. Bingwa hajitangazi." Alishaingia chumbani kwangu, akatoka na begi. "Na vyombo akasema utakuja navyo." Akalipindua, akapapasa mgongoni, akafungua zipu iliyofichwa chini ya kamba, zipu ambayo mimi niliyelibeba saa tatu sikuijua.

Akatoa taulo lililoshikwa na madoa ya kahawia. Ndani ya taulo mlikuwa na chupa ya mafuta ya karafuu, na koleo.

Koleo la fundi wa umeme, lenye mikono ya mpira mwekundu. Kwenye meno yake kulikuwa na kitu kimekauka.

Kwa hiyo Pacha hakuniazima pasi. Alinichagulia mji, akanivisha jina lake, akanitwisha koleo lake, akanituma nije kukamatwa kwa niaba yake. Nikikamatwa mimi, faili limefungwa, na yeye yuko nyumbani kwenye sebule ya mama. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Mimi changu kilikuwa tumboni pamoja nami.

Watu walishangilia. Mimi nilitazama shavu la Mwalimu.

"Haya," nikasema. "Kama mimi ndiye bingwa, basi mtanisikiliza. Habari ya mshipa wa jicho ni uongo. Jino halina mshipa wa jicho. Hapa hatung'oi kitu. Mwalimu anakwenda hospitali, na anakwenda sasa hivi."

"Sasa hivi?" Mama Funguo akaacha kucheka.

"Sasa hivi, mama. Hata chai usimpe."

Mwalimu akaupandisha mtandio. Kisha akanyoosha mkono, akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa wa moto. Kwa mazoea nilitaka kuuvuta wangu. Sikuuvuta.

"Nitaenda," akasema. "Ukikaa pembeni yangu nitaenda. Bila wewe siendi."

"Gari lipo," akasema Sajenti. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Mtoeni taratibu. Dokta, njoo huku uani mara moja."

Uani kulikuwa na kamba za nguo, mashuka mabichi yananing'inia, na mwisho wa ukuta mlango mdogo wa bati. Sajenti alipita katikati ya mashuka akasimama mahali ambapo kutoka ndani hatuonekani.

"Hospitali iko wapi, afande?" nikauliza.

"Mpakani. Ukuta mmoja na uhamiaji." Akavaa kofia, akaivua tena. "Nina faili la ndugu yako mezani. Malalamiko kumi na moja. Jana dada mwenye nyumba hii aliponiambia amerudi, nilipiga simu mpakani kuuliza kama kweli ameingia. Wakasema ameingia, maskini, amefiwa na pacha wake. Pole sana."



"Wewe si daktari," akasema.

"Nanusa maziwa."

"Basi niambie. Pale ndani umenusa nini?"

Ningeweza kupunguza. Lakini nilikuwa nimechoka kupitisha. "Asipofika leo, afande, sidhani kama atafika tena."

Sajenti alifumba macho. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za masikioni, na kwa muda mdogo uso wake ukawa wa mtoto aliyepotelewa na dada yake sokoni. Alipoyafumbua alikuwa askari tena.

"Mimi pengo lako nimeliona," akasema. "Na pasi nimeiona. Siwezi kusema sikuona. Tukifika getini wewe utashuka, nitakukabidhi kwa uhamiaji, na watakuweka ndani kwa pasi ya mtu. Na hao kumi na mmoja wakijua kwamba bingwa hakuna, wataweka malalamiko yao juu ya yule atakayekuwepo. Ndugu yako atakuja kusema kweli akutoe?"

"Sijui."

Nilijua. Naye aliona kwamba najua.

"Ningekufunga pingu hapa hapa," akasema. "Lakini dada yangu Mwalimu akikuona na pingu, atajua hakuna daktari. Hapandi gari. Nimewahi kumbeba kwa nguvu, yule. Tulifika hospitali akabana meno, wakamshindwa, nikamrudisha. Kwa hiyo pingu haiwezekani. Kama ni kuingia kwenye gari lile, itabidi uingie kwa miguu yako, unatabasamu, kama daktari."

Akaingiza mkono mfukoni, akanirudishia pasi ya Pacha. Kumbe Mama Funguo alishampa. Ilikuwa bado na alama ya mate ukingoni.

"Mlango ule wa bati una njia ya miguu," akasema. "Inashuka mpaka kwenu bila kupita dirisha la mtu. Nakuambia kwa sababu ukigeuka utauona mwenyewe. Mimi nakwenda kuwasha gari."

Akaondoka. Hakugeuka nyuma.

Nilibaki na mashuka. Nilifikiria kiwanda, likizo yangu imebaki siku tano, na mama atakavyosimama barabarani apaze sauti "Hebu cheka" asipate wa kumchekea isipokuwa yule mwenye meno yote. Nilifikiria selo za mpakani na ndoo iliyoko pembeni, na watu kumi wanaoitumia. Nilijiambia Mwalimu si ndugu yangu. Nilijiambia jino nililivunja mimi? Hapana. Nilijiambia mengi, na yote yalinuka.

Nimekula kiapo kwenye safu hii kwamba sitajipamba, basi soma na unitemee mate ukipenda: mguu wangu wa kwanza, ndani ya kiatu cha Pacha, ulikwenda kwenye bati. Na wa pili ukaufuata. Komeo lilikuwa na utando wa mafuta ya mikono ya watu, na nililishika kwa kiganja kizima.

Mbele ya nyumba injini ikawaka. Mlango wa gari ukafunguliwa, na juu ya muungurumo nikasikia sauti ya Mwalimu, nzito, ya mtu ambaye taya haifunguki.

"Dada, si nilikwambia atakuja?"